MGUU WA KUKU SIO CHENI YA SHINGONI

Leo sina stori ya nani kamwacha nani wala nani kahamia kwenye apatimenti ya nani. Hizo tutarudi nazo Ijumaa. Leo nataka tuongee kitu ambacho kwenye komenti zenu mnakichukulia poa sana, na mimi naona sio cha kuchukulia poa hata kidogo.

Wiki nzima hii kwenye magrupu inazunguka ile klipu. Simtaji mtu jina, mnazijua taratibu za hapa, na isitoshe wenye tabia hii sio mmoja. Mwaka jana alikuwepo mwingine na mwakani atakuja wa tatu. Staa kakaa juu ya boneti ya gari, miwani nyeusi usiku, pembeni chupa, simu tatu na mguu wa kuku. Anauzungusha kidoleni kama ufunguo. Halafu anatangaza kwamba muda si mrefu anafungua duka la vyuma hapa hapa Chuga, leseni iko jikoni, na wanaomtisha wajipange.

Laiki zimemiminika. Ila mimi kilichonishtua sio yeye, ni komenti. Mmoja kauliza, "Braza leseni ni shilingi ngapi?" Mwingine kasema anataka awe wakala wake Ngaramtoni. Wakala! Kama vile ni kutoa na kuweka hela kwenye simu. Na chalii mmoja, kwa alivyoandika namkadiria miaka kumi na saba, kaandika "hii ndo ndoto yangu, mungu nisaidie nifike". Yaani ndoto sio muziki tena, wala sio nyumba ya mama. Ndoto ni chuma mezani.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Kuuza silaha ni biashara halali na mwenye sifa zake apewe leseni afanye kazi. Ila mtu anayeitaka hiyo leseni ili aonekane, huyo ndiye awe wa kwanza kunyimwa. Na kazi ya kumnyima sio ya polisi peke yao. Ni yetu sisi wa huku chini, majirani, ambao ndio tunaoijua tabia ya mtu kabla hajawa staa.

LESENI NI MBILI, MSICHANGANYE

Mimi shule niliishia kidato cha nne, sio mwanasheria. Ila kusoma najua, na haya mambo yameandikwa. Sheria inayotumika Tanzania ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka 2015. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1991.

Kuna kibali cha kumiliki, na kuna leseni ya kufanya biashara. Hivi ni vitu viwili tofauti kama leseni ya udereva na leseni ya kufungua kampuni ya mabasi.

Ukitaka kumiliki, huanzii kwa mkubwa wa Dodoma wala kwa mtu mwenye namba ya mkubwa. Unaanzia pale unapoishi, kwenye serikali ya kijiji au ya mtaa. Jina lako linapelekwa kwenye kamati ya ulinzi na usalama, linajadiliwa ngazi ya kata, linapanda wilayani, linapanda mkoani, na mwisho linafika kwa wanaotunza daftari kuu la silaha upande wa polisi. Njia nzima watu wanaulizana: huyu ni nani, anaitaka ya nini, akili yake iko sawa, ana kesi, ni mgomvi? Na lazima uwe umefundishwa kuitumia. Hata ukishapewa, kibali ni cha kwako na silaha ile ile yenye namba ile ile. Huwezi kumwachia mdogo wako aende nayo disko.

Sasa leseni ya kuuza ni mlima mwingine kabisa. Huko wanakuangalia wewe, wanaiangalia biashara, na wanaliangalia jengo. Na mkisikia leseni ya kuuza msidhani ni ruhusa ya kutembea na bidhaa kiunoni. Mwenye duka la dawa hamezi vidonge vyote vya kabatini eti kwa sababu duka ni lake.

Kwa hiyo yule mkaka wa kwenye boneti maneno yake mawili yanapingana. Anasema anafungua duka, na hapo hapo anasema wanaomtisha wajipange. Mfanyabiashara hatishii watu kwa stoo yake. Aliyeyaunganisha hayo mambo mawili ametuambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hajui anaomba nini.

KAZI YENYEWE NI YA KARANI

Hapa ndipo wengi mtavunjika moyo. Ukiondoa sinema, muuza silaha ni mtu wa kalamu na daftari. Kila bunduki inayoingia anaandika: aina gani, namba gani, imetoka kwa nani, lini. Kila inayotoka anaandika: kanunua nani, kwa kibali gani, siku gani. Risasi nazo zinahesabiwa. Stoo iwe imara, funguo ziwe na mwenyewe, na polisi wakija kukagua, hesabu ya kwenye daftari na hesabu ya kwenye rafu zilingane. Duka la simu likipungukiwa simu moja ni hasara. Duka la silaha likipungukiwa bastola moja ni kesi.

Na sio sheria ya kwetu tu. Mwezi wa nne mwaka 2004 nchi za ukanda wetu, Tanzania ikiwemo, zilisaini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Humo walikubaliana kila silaha iwe na alama: namba yake, imetengenezwa wapi na nani, na ikiingizwa nchini iwekwe alama ya nchi iliyoingiza na mwaka. Maana yake bunduki ikiokotwa kwenye tukio porini huko, wakiigeuza wanasoma alama, wanafuata daftari, na daftari linaishia kwenye meza ya muuzaji. Hapo utaulizwa ulimuuzia nani. Jibu la "sikumbuki, siku hiyo nilikuwa na shoo Mwanza" halipo.

Kingine, hii biashara sio ya kwenda Kariakoo kufunga mzigo. Kuingiza silaha kunahitaji kibali chake. Na hata hapa ndani serikali yenyewe imo: Shirika la Mzinga la Morogoro, ambalo liko chini ya Wizara ya Ulinzi, linatengeneza risasi, zikiwemo za kiraia kama za wawindaji. Kwa hiyo usije ukadhani unaingia uwanja mtupu.

WATEJA WAKO WAPI?

Watu wanaona Arusha ni mji wa hela wanasema wateja watajaa. Hebu tuhesabu.

Mimi nipo Oldonyo Sambu, barabara ya Namanga. Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa mwezi wa saba, magari ya uwindaji tunayaona yakipita kwenda upande wa Longido. Mgeni wa uwindaji mara nyingi anakuja na bunduki yake kutoka kwao. Anashuka nayo KIA, anaandikiwa kibali cha muda, namba zinaandikwa, na siku ya kuondoka anaondoka nayo hiyo hiyo. Huyo hajanunua kwako kitu, labda risasi.

Wanaobaki ni kampuni za uwindaji, kampuni za ulinzi, wakulima wakubwa wanaosumbuliwa na wanyama, na wafanyabiashara wa mjini wenye mali ya kulinda. Na kila mmoja lazima aje na karatasi yake ya kibali. Hauzi kwa mtu kwa sababu ana hela. Hakuna ofa ya Sabasaba, hakuna nunua mbili upate moja. Mteja akija hana kibali unamrudisha, hata kama ni rafiki yako, hata kama jana mlikunywa wote Njiro.

Sasa staa wetu, ambaye hata mlinzi wa getini anampa ahadi hewa kwa aibu ya kukataa, ataweza kumwambia tajiri hapana? Hilo ndilo swali la leseni. Mengine yote ni makaratasi.

"MBONA MAREKANI WANAUZA KAMA NYANYA?"

Hii komenti lazima ije, kwa hiyo naijibu kabisa. Mnaangalia video za Marekani mnaona bunduki zimepangwa ukutani kama mitumba ya Kilombero mnasema kule ni rahisi. Kule kununua kuna urahisi wake kweli kuliko kwetu, na matokeo yake tunayaona kwenye habari kila siku. Ila muuzaji hata kule ana kamba shingoni.

Tangu sheria yao ya 1968, anayefanya biashara ya silaha lazima awe na leseni ya serikali kuu. Awe na miaka 21 au zaidi. Aliyewahi kufungwa kwa makosa makubwa hapewi. Analipa dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, na afisa wa idara inayosimamia silaha anakuja kumhoji na kuliona eneo. Mnunuzi anajaza fomu, jina linakaguliwa kabla hajakabidhiwa, na muuzaji anaweka kumbukumbu. Hela, mmeona, ni ndogo. Dola 200 hata cheni ya staa wetu haifiki. Kikwazo ni kumbukumbu na ukaguzi. Hata nchi inayoongoza kwa bunduki mikononi mwa raia haikuruhusu muuzaji awe mtu wa hovyo hovyo. Sasa sisi tuanzie hapo kwenye hovyo?

MASTAA NA CHUMA: TUMESHAONA

Mtasema anaigiza tu, ni kiki. Sawa, tuongelee kuigiza.

Oktoba 2021, kule New Mexico, mwigizaji mmoja mkubwa sana wa Hollywood alikuwa anafanya mazoezi ya sini na bastola. Aliambiwa haina kitu. Ilikuwa na risasi ya kweli. Mpiga picha wa filamu, mwanamke, mama wa mtoto, akafa, na mwongozaji akajeruhiwa. Msichana aliyekuwa anatunza silaha za filamu ile alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2024. Mwigizaji kesi yake ilifutwa, lakini aliyekufa ndiyo amekufa. Na wale walikuwa na mtu maalumu wa kutunza silaha. Yule wa kwetu kwenye boneti mtunza silaha wake ni nani, dogo aliyeshika simu anarekodi?

Turudi karibu. Januari 2020, klabu moja Nairobi, DJ alipigwa risasi ya shingo akiwa kazini. Kijana mdogo, mtu wa muziki kama hawa hawa tunaowaandika hapa kila siku. Mwanasiasa mmoja kijana, maarufu, alifikishwa mahakamani. Kesi ilikwenda miaka na mwisho hakutiwa hatiani, kwa hiyo sihukumu mtu hapa. Ninachosema ni hiki: yule DJ alitoka nyumbani kwenda kupiga muziki, akarudi miezi mingi baadaye kutoka hospitali akiwa mtu mwingine kiafya. Silaha na starehe vikikaa meza moja, anayelipa bili mara nyingi ni mfanyakazi.

Na hapa kwetu kabisa. Agosti 2013 kila mtu wa Arusha mwenye umri wangu kwenda juu anakumbuka tajiri mmoja wa tanzanite alivyouawa kwa risasi kule Hai, karibu na KIA. Mahakamani ilielezwa ni bunduki ya kivita, na mwaka 2018 watu watano walihukumiwa kunyongwa. Bunduki ya namna ile hakuna duka la raia linaruhusiwa kukuuzia. Wana mliokuwa mnafuata maisha ya wale mabosi wa mawe, magari, walinzi, misafara, hebu niambieni, silaha zote zilizokuwa zinatembea mjini miaka ile zilimsaidia nani kulala usingizi?

CHALII ANAYEIBEBA KWELI

Nina rafiki yangu, tumekua wote hapa, tumechunga wote. Sasa hivi ni mlinzi mjini, kwenye kampuni moja, siitaji. Usiku anasimama getini na bunduki ya kampuni. Ni ya zamani, mkanda wake umefungwa kamba ya katani. Nilimuuliza mazoezi alifanya muda gani. Akaniambia alioneshwa inavyofunguka na inavyofungwa, akaambiwa ataelekezwa zaidi kazini. Risasi hajawahi kufyatua hata moja. Mwaka wa pili huu.

Nikamuuliza, wakija watu kweli utafanya nini? Akacheka. Akasema, "Mimi nikiwa zamu naomba mvua inyeshe, wezi hawapendi mvua." Halafu akanyamaza kidogo akasema kinachomtisha zaidi sio wezi, ni ile bunduki. Akiiegemeza ukutani anaigeuzia mdomo pembeni, akisinzia anaota imelia yenyewe. Na mwezi mshahara ukichelewa, anaangalia kile chuma anawaza mambo ambayo hata mimi hakuniambia yote.

Huyu ndiye mtu wa mwisho kwenye mnyororo wa hiyo biashara. Muuzaji anaiuzia kampuni, kampuni inampa chalii. Muuzaji mwenye akili atauliza: mtawafundisha hawa watu? mnahifadhi wapi mchana? Sio lazima kila kitu aambiwe na sheria. Muuzaji wa kiki atapiga picha na bosi wa kampuni, ataandika "dili kubwa linakuja", basi. Kwa hiyo mkisikia nasema leseni isiende kwa mtu wa maonesho, simuonei wivu mtu. Namuwaza rafiki yangu pale getini.

HOJA ZENU NAZIJUA

Hoja ya kwanza: "Mastaa wanatishiwa, wana haki ya kujilinda." Kweli. Wapo wanaotishiwa, na wapo waliovamiwa. Aombe kibali cha kumiliki kama mtu mwingine, akipata aiweke mahali ambapo hakuna anayejua. Silaha ya kujilinda ukiitangaza umeshawaambia wezi kuna kitu cha kuiba nyumbani kwako chenye thamani kuliko televisheni.

Hoja ya pili: "Wivu wa masikini, wazungu na wahindi wauze, mswahili akitaka mnapiga kelele." Hii imenigusa kwa sababu ina ukweli ndani yake. Biashara nyingi nzuri za mji huu zimekuwa za watu wachache miaka mingi, na kijana wa Sakina au wa Oldonyo Sambu haambiwi hata kwamba zipo. Ningependa sana siku moja nione dada au kaka wa kwetu, amesoma, amejifunza kurekebisha bunduki, ana duka safi la kuhudumia wawindaji na askari wa wanyamapori, daftari lake halina doa. Huyo mimi nitamwandika hapa bure. Ila ukiingia kwa kiki unawaharibia hao. Ukivuruga wewe mmoja, kijana wa kwetu wa pili akienda kuomba ataambiwa "nyie tuliwapa mkaonaje?"

Hoja ya tatu: "Haina haja ya mlolongo wote huo, kuna mtu ana koneksheni." Wadau, hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Hakuna leseni ya koneksheni. Kuna mtu anayekula hela yako, na kuna mtu anayekuuzia chuma cha magendo. Ukikutwa na silaha bila kibali hushtakiwi kosa dogo. Kesi yake inaingia kwenye uhujumu uchumi, na kifungo chake ni miaka isiyopungua 20 na isiyozidi 30. Una miaka 22 leo, piga hesabu utatoka na miaka mingapi. Mama yako atakuwepo? Yule staa uliyemwiga atakuwa hata anakumbukwa?

KAMATI YA KATA, MSIOMBE SELFI

Sasa maneno yangu ya mwisho sio kwa staa, ni kwa wazee na wamama wa kamati.

Nchi hii imeshaonesha kwamba kwenye silaha hakuna mkubwa. Mwaka 2016 ulipofanyika uhakiki wa silaha, hata za Rais wa wakati ule zilihakikiwa, na picha tuliziona. Kama Rais alihakikiwa, msanii mwenye nyimbo mbili ni nani?

Lakini hofu yangu naijua, kwa sababu naijua kata. Staa akija na gari lile, ofisi nzima inasimama. Mtendaji anatafuta kiti kizuri. Watoto wanajaa dirishani. Mjumbe anaomba selfi ya binti yake. Katika hali hiyo nani atauliza, "Mwanangu, ile Desemba uliyompiga mwenzako chupa pale baa, yaliishaje?" Nani atauliza mke wake anasemaje? Na hapa ndipo mimi ningependa kamati ziwe ngumu kuliko mahali pengine popote. Muulizeni mke, tena peke yake, mume akiwa nje. Mwanamke ndiye atakayelala chumba kimoja na hiyo silaha. Anajua hasira za mtu huyu saa nane usiku, sisi tunajua tabasamu lake la kwenye bango. Muulizeni jirani. Muulizeni dereva aliyefukuzwa bila kulipwa.

Kwetu huku morani anatembea na sime yake na hakuna anayeshangaa. Ila yule anayeichomoa kwenye maongezi ya kawaida, wazee wanamwangalia mara moja tu, na kuanzia siku hiyo kuna vikao haitwi. Hawampigii kelele. Wameshajua. Huo utaratibu tunao tayari, hatuhitaji semina. Tuutumie na kwa bastola.

Na kwa wale ambao tayari mna kitu ndani ambacho hakina karatasi, iwe gobore la babu aliyefariki au kile ulichouziwa na mtu wa Namanga: Umoja wa Afrika uliuweka mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na jeshi letu la polisi limeshatangaza msamaha wa namna hiyo. Sikilizeni redio, muulizeni mwenyekiti au mtendaji mnayemwamini, tangazo likitoka pelekeni. Gobore la babu ukilirithi kimya kimya, unarithi na kesi.

Wewe braza wa boneti, najua unasoma hapa, maana watu wako walishanitumia meseji siku ile ya stori ya viatu. Kama ile ni ya bandia, sema ni ya bandia, tutacheka yataisha. Kama ni ya kweli na una kibali, ifungie, futa ile klipu, na kama kweli unataka duka, nenda kaanze pale kijijini kwenu ulikozaliwa, kaa kwenye benchi kama wengine, usubiri kuitwa. Ukipita hapo kihalali, mimi wa kwanza kukupongeza. Ukishindwa hata kukaa kwenye benchi, basi umeshajijibu mwenyewe.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mmoja anijibu hili tu kabla hatujaanza matusi: kama wewe ndiye ungekuwa kwenye kamati ya kata, na jina lililoletwa ni la msanii unayempenda kuliko wote, ungemuuliza swali gani la kwanza? Andikeni hapo chini. Majina ya watu msitaje, nitafuta.